Firigisi ya Bruxelles

Eloge alirudi kwetu Baraka akinuka sabuni ya nyumba nyingine. Nilikuwa nimemsubiri mwezi mzima, nikajiapiza kwamba siku atakapoingia uani kwetu nitamkimbilia kama mtoto. Kumbe alipoingia nilisimama pale pale mlangoni, nikimnusa kwa mbali. Hayakuwa marashi. Marashi ningeyasamehe. Ilikuwa sabuni, harufu ya shati lililofuliwa na mkono nisioujua, likaanikwa mahali nisipopajua, likakunjwa vizuri kupita kiasi.

"Capi," akasema. "Haunisalimie?"

"Karibu," nikamjibu, kama ninavyowajibu wateja wangu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni.

Uani walikuwa wamekwisha kupanga viti. Mama alikaa karibu na jiko. Mdogo wangu Gentille alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Na katikati, kwenye kiti chenye mikono, alikaa Shangazi Immaculée, dada yake baba, aliyeshuka kutoka milimani Lubondja kwa ajili ya Jumamosi. Jumamosi hiyo watu wa Eloge walikuwa walete mahari yangu. Kwetu baba anaweza kukubali, mama anaweza kukubali, lakini shangazi akitikisa kichwa, kila mtu anabeba kiti chake na kurudi nyumbani.

Kiti cha Eloge kiliwekwa mbali kidogo na cha Mama, kama inavyompasa mkwe. Nilimletea maji. Akayapokea kwa mikono miwili, akasema, "Merci, Capi."

Merci! Zamani nilikuwa nikimpa maji, anakunywa bila neno, macho yake juu ya ukingo wa glasi, yananitazama mimi. Sasa alinishukuru vizuri na kutazama mbele.

"Tuambie," Mama akasema. "Bulaya iko namna gani?"

Eloge ni fundi wa mota za mitumbwi. Alikuwa hajawahi kuvuka mbali kuliko Bujumbura, mpaka dada yake mkubwa, Marthe, alipomwita akamtembelee Bruxelles, huko Ubelgiji, alikoolewa miaka mingi iliyopita. Alifuta midomo, akaanza.

"Mama, kule jua linakataa kulala. Tunakula chakula ya mangaribi, jua liko bado juu. Marthe anafunga mapazia ili batoto balale."

"Uongo!" Gentille akapiga kelele.

"Kweli! Na bantu habasalimiane. Siku ya kwanza niliingia mu tram, ile treni ya barabarani, nikasimama katikati, nikasema bonjour kwa bote, vile ninafanya huku nikipanda gari. Hakuna mwenye alijibu. Mama moja akavuta sakoshi yake ya mukono karibu."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, nikajikuta namhurumia yule Eloge wangu aliyesimama katikati ya watu wanaotazama viatu.

"Na kama unataka kuenda kwa mujomba wako," akaendelea, "unamuandikia kwanza. Anakujibu, kuya kwangu juma ijayo, saa tisa. Unafika saa tisa na nusu, unamukuta amekasirika. Saa kumi na moja anasimama, anashika kitasa ya mulango."

"Alikupa chakula gani?" Shangazi akauliza.

"Kahawa, Shangazi. Na biskuti."

"Na bugali?"

"Biskuti tu."

Shangazi alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

"Na shemeji Norbert, bwana ya Marthe, njo anapika. Anaosha na sahani. Anavaa na tablier, ile aproni ya bapishi."

"Marthe iko mugonjwa?" Shangazi akauliza.

"Hapana. Anakaa mu sofa, anaangalia televisheni."

"Basi Norbert njo mugonjwa."

Wote waliangua kicheko, na Eloge akacheka kwa sauti yake ile ya zamani, na kwa nukta moja nikamwona kijana niliyemfahamu, mwenye grisi kwenye kucha. Kisha akasema, "Jumapili moja tulienda kwenye bustani, tukalala kwenye majani, tukacheka mpaka..." na moyo wangu ukajikunja tena. Tulienda. Tulilala. Tulicheka. Marthe alikuwa na watoto na kazi. Nilitaka kujua nani mwingine alikuwa kwenye majani hayo.

Nilikuwa na wivu na mji mzima. Nilikuwa na wivu na tram.

"Picha!" Gentille akasema. "Tuonyeshe picha, shemeji."

Eloge akampa simu, bila wasiwasi wowote. Hilo nitamkubalia daima, kwamba alimpa bila wasiwasi. Simu ikapita mkono kwa mkono. Majumba, njiwa, Eloge na koti la Norbert lililomzidi mabega, watoto wa Marthe wakitoa ndimi. Halafu Gentille akasukuma kidole, na ikatokea video.

Meza ndefu. Kila mtu na sahani yake nyeupe. Eloge amekaa katikati, na kulia kwake mwanamke wa gauni la manjano, nywele fupi, mwanya katika meno ya mbele. Alikuwa na shingo nzuri. Niliiona shingo yake kabla ya kitu kingine chochote. Alichoma kitu kwenye sahani yake kwa uma, akakiinua, akakiweka kwenye sahani ya Eloge huku anacheka. Kamera ikasogea. Ilikuwa firigisi ya kuku, nzima, imepasuliwa katikati kama inavyopasuliwa kila mahali.

Eloge akaitazama. Akaiinua. Akaila.

Na nyuma ya kamera sauti ya Marthe ikapaa, imejaa furaha: "Ameikula! Ee, ameikula!"

Video ikaisha.

Labda kuna nchi ambako firigisi ni nyama tu. Kwetu ni ya mwenye nyumba. Unaweza kumpa mgeni paja, ukampa kidari, ukampa kuku mzima abaki na mifupa, lakini firigisi inamngoja bwana, na akichelewa safarini inalala chunguni hadi arudi. Mwanamke akiitoa kwa mkono wake na kuiweka mbele ya mwanamume asiye baba yake, amekwisha kusema mbele ya watu wote huyu ni nani kwake. Na mwanamume akiila, amejibu.

"Rudisha," Shangazi akasema.

Gentille akairudisha video mwanzo.

"Rudisha tena."

"Shangazi," Eloge akasema video ilipoisha mara ya tatu, "ngoja nieleze."

"Eleza. Mi niko na masikio."

"Kule firigisi banauzisha mu duka, mu kiboksi ya plastiki. Firigisi tupu, bila kuku. Banachanganya na majani, banaita salade. Kila muntu alikula. Hata bamama. Hata batoto."

"Bamama balikula firigisi?"

"Ndiyo."

"Na banaume bakaangalia?"

"Banaume bakaomba baongezwe."

Gentille aliziba mdomo kwa kanga. Shangazi hakucheka.

"Kuku moja iko na firigisi moja," akasema polepole. "Hiyo kiboksi muzima, bale bakuku bengine balienda wapi?"

"Sijue, Shangazi."

"Na huyu mwanamuke?"

"Divine. Rafiki ya Marthe. Bazazi yake balitoka hapa karibu, Lweba, lakini yee alizaliwa kule. Hajue Kibembe yetu hata neno moja. Hajue maana ya ile kitu."

"Yee hajue. Sawa." Shangazi akainama mbele. "Na we?"

Eloge akaigeuza glasi ya maji mikononi.

Shangazi akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni. "Bantu yenu babakie kwanza kwao Jumamosi. Siwezi kupokea mahari ya mwanaume mwenye mwanamuke mwingine amekwisha kumupakulia."

"Wifi, pole pole," Mama akaomba.

"Niko pole pole. Nimesema yangu. Iliyobaki ni ya Capitoline. Yee njo anaolewa. Aseme kama ndoa iko au haiko."

Macho yote yakanigeukia. Nikaweka chini sinia, nikamwambia Eloge, "Kuya, tushuke."

Nyuma ya nyumba yetu njia inashuka hadi ziwani, kwenye mchanga ambako akina mama huanika ndagala. Jua lilikuwa kali na samaki walimeta chini kama misumari. Nilitembea mbele bila kugeuka. Nilipofika mwisho wa samaki nilisimama, naye akanikaribia.

"Bakia hapo. Unanuka sabuni ya bantu."

"Capi, ni sabuni tu."

"Ni muzuri," nikasema.

"Sabuni?"

"Usinichezee, Eloge!"

Akashusha macho. "Ni muntu muzuri, ndiyo. Anacheka sana."

"Nimekuuliza kama anacheka? Kucheka namujua. Kila mara ulinipigia simu nilisikia mwanamuke anacheka nyuma yako. Nikajiambia ni televisheni. Mwezi muzima, Eloge, nilikuwa na wivu na televisheni, najicheka mwenyewe kama mujinga. Kumbe televisheni iko na mwanya!"

"Sikumugusa. Naapa kwa kaburi ya mama yangu."

"Sijauliza kama ulimugusa. Nauliza kile Shangazi aliuliza. Yee hakujua. We ulijua?"

Upepo ulipeperusha shati lake lile safi. Angeweza kunidanganya. Ningemwamini, nilitaka sana kumwamini, nilikuwa nimekwisha kuanza kumtafutia uongo mzuri kichwani mwangu.

"Nilijua," akasema. "Ilifika mu sahani, nikaiangalia, nikakufikiria. Nikajiuliza nitasema nini mbele ya meza nzima. Nikatae chakula ya dada yangu? Nianze kumuelezea muntu mwenye hajue? Nikaikula mbio mbio ipite. Sikusikia hata utamu."

"Uongo. Ulitafuna pole pole. Nimeona mara tatu."

Akajikuna shingo. "Ilikuwa na chumvi muzuri," akakiri.

Kicheko kilinipanda kooni, nikakimeza kwa hasira. Hakuna kitu kibaya kama kuchekeshwa na mwanamume unayetaka kumpiga. Niligeukia ziwa ili asione uso wangu, na hapo ndipo sauti ile iliponirudia, sauti ya nyuma ya kamera.

"Eloge. Kama ni salade tu, na kila muntu anakula, juu ya nini Marthe alishangilia?"

Akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Divine alizaliwa kule, hajue. Norbert ni muntu ya Kinshasa, pengine hajue. Lakini Marthe alikulia hapa. Amewahi kuweka firigisi mu sahani ya baba yenu, na alijua yee mwenyewe haruhusiwe hata kulamba kidole. Juu ya nini alipiga kelele?"

Eloge akachuchumaa, akaokota ndagala mmoja mkavu, akamgeuza geuza.

"Yee njo alimuambia Divine aniwekee," akasema hatimaye. "Alimuambia, muweke ile, kaka yangu anapenda. Divine akafanya tu. Kesho yake Marthe aliniita, akaniambia, umeona, umekula na hukufa. Divine iko na karatasi zote za kuishi huku. Umuoe, ubakie. Mota ziko huku pia."

"Na mi?"

"Alisema utapata mwingine."

"Alitaja jina yangu?"

"Alilitaja."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma kwanza, jina langu kutamkwa huko, katika nyumba yenye mapazia mazito, na kuwekwa pembeni kama sahani chafu.

"Na we ulisema nini?"

"Nilisema narudi. Akalia. Capi, haujaona Marthe akilia. Ile nyumba iko na kila kitu, lakini hakuna muntu mwenye alimujua mama yetu. Ananiuliza, mama alikuwa anaimba namna gani akitwanga? Namuimbia. Analia, ananiambia rudilia. Vile kila siku. Nilikuwa muntu ya kumuimbia."

"Na ulitaka kubakia?"

"Capi..."

"Ulitaka?"

"Siku moja," akasema. "Siku moja nzima nilifikiri. Nilitembea mu ile mji, nikaona duka ya mota, nikasimama mbele ya kioo. Nikajiona nikifanya kazi pale. Halafu mangaribi ikafika, nikataka kukuambia ile duka iko namna gani, na nikaona ni we peke yako nilitaka kuambia. Nikaanza kufunga sanduku, na siku ya ndege ilikuwa ingali mbali."

Siku moja. Ningependa kusema nilimsamehe kwa sababu alisema kweli. Sikumsamehe. Hiyo siku moja iliniuma kuliko firigisi zote za Ubelgiji. Niliitaka, niliitaka irudi mikononi mwangu niione, kila saa yake, alivaa nini, alipita wapi, Divine alimpigia simu au hakumpigia. Wivu haushibi. Ukiupa siku, unaomba dakika.

"Mupigie," nikasema.

"Nani?"

"Dada yako. Sasa hivi. Na picha, nimuone."

"Capi, pengine iko kazini."

"Basi atatoka."

Mtandao wa Baraka ulituchezea, ukakata, ukashika. Hatimaye uso wa Marthe ukajaa kioo, mpana na mzuri, macho ni yale yale ya Eloge. Nilimchukia kwa macho yale, na nikashindwa kumchukia kwa sababu ya macho yale.

"Capi! Mutoto! Umenenepa vizuri!"

"Jambo, yaya Marthe," nikamsalimu, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu. "Nimeona ile firigisi."

Tabasamu lake likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. "Eloge amekuambia."

"Video njo imeniambia. Mbele ya mama yangu. Mbele ya shangazi yangu, mwenye alishuka kupokea mahari."

"Haki ya Mungu, sikujua utaiona."

"Ulijua ataila."

Nyuma yake mtoto aliuliza kitu kwa Kifaransa, akamfukuza kwa mkono.

"Niko na kaka moja tu, Capi," akasema, na sauti yake ikashuka. "Huku muntu anakufa, jirani anaambiwa na harufu. Nilitaka awe karibu. Njo ile tu. Sikukuchukia."

"Na mi nataka awe karibu. Lakini mi nilimuachilia akuje kwako. Nilimufungia hata ndagala za kukuletea, nilizichagua moja moja. Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu," Marthe akanong'ona.

"Ulizila na ukanitafutia mwenye atachukua nafasi yangu."

Eloge alinigusa kiwiko. Niliondoa kiwiko.

"Unataka niseme nini?" Marthe akauliza. "Pardon? Pardon, Capi. Kweli."

"Pardon ya telefone sitaki, yaya. Jumamosi bantu yenu habatakuja. Batakuja siku we utakuwa mbele yao. Utapanda ndege, utapita Uvira, utafika Baraka na vumbi mu nywele, utakaa kwenye mukeka mbele ya shangazi yangu, na utaniomba na mudomo yako. We njo ulinitoa. We njo utanirudisha."

"Capi!" Eloge akaruka. "Kupata congé, ruhusa ya kazi, kule si jambo ya juma moja! Inaweza kuwa miezi!"

"Nitasubiri."

Nilisema kwa sauti ya juu ili isitetemeke. Ndani nilikuwa napiga mayowe. Gauni langu la Jumamosi lilikuwa limekwisha kushonwa. Nilikuwa nimelala na Jumamosi hiyo kichwani kwa mwaka mzima, na sasa nilikuwa naisukuma ziwani kwa mguu wangu mwenyewe.

Marthe alinitazama muda mrefu, hata nikadhani mtandao umeganda.

"Sijafika huko tangu tulimuzika mama," akasema.

"Najua."

"Sijue kama naweza kuangalia ile nyumba."

"Eloge atakushika mukono. Na mi, ukifika vizuri, nitakushika ule mwingine."

Akajifuta mashavu kwa kiganja. "We ni mukali, weye. Eloge hakuniambia."

"Haukumuuliza habari yangu."

Alicheka, kicheko kidogo kilichovunjika. "Noeli," akasema. "Nitaomba congé ya Noeli. Norbert atabakia na batoto. Muambie shangazi yako."

"Utamuambia mwenyewe. Shika."

Nikapanda njia hadi uani, simu mkononi, Eloge nyuma yangu. Nikamweka Marthe kwenye magoti ya Shangazi Immaculée kama mtu anavyokabidhi mtoto. Waliongea Kibembe, haraka, wakipishana sauti. Shangazi alifoka, Marthe akaomba, Shangazi akafoka tena kwa sauti ya chini zaidi, na mwisho akamuuliza mama yake angesema nini, swali ambalo Marthe alilijibu kwa kulia. Shangazi akanirudishia simu.

"Noeli ni mbali," akaniambia.

"Najua, Shangazi."

"Na kama hatakuja?"

Nilimtazama Eloge. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono ameiachia, hajui pa kuiweka.

"Kama hatakuja," nikasema, "huyu atamufuata kule Bulaya. Na mi nitajua kwamba hakuwa wangu."

"Atakuja," Eloge akasema.

"Sijakuuliza."

Shangazi akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akamwambia Mama aweke maji jikoni, kwa kuwa mgeni hajala, na biskuti hazijengi mtu. Gentille akakimbia kuleta unga. Uani kukaanza tena kelele za kawaida, na Eloge akakohoa.

"Basi niende," akasema kwa unyenyekevu. "Nikawaambie bazee kwamba Jumamosi haiko tena."

"Kaa."

"Capi, banaishi mbali, lazima niwakute mapema."

Nikamvutia kiti, si kile cha mbali. Nikaketi mkabala naye, karibu hata magoti yetu yakakaribia kugusana, nikaegemeza kidevu kwenye viganja.

"Kaa hapo, nikuangalie," nikamwambia. "Mwezi muzima bamekuangalia bengine."